Kijiti cha tatu mu priza: namna masi inalinda watu, vyombo na sauti

Mu nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Butembo, priza ya ukutani iko na matundu mawili na kijiti kimoja cha chuma chenye kutokeza mbele. Matundu mawili ndiyo yanaleta umeme. Kijiti ni cha masi, ile mafundi wengine wanaita tere. Lakini fundi akifungua priza hiyo kwa turnevisi, mara nyingi anakuta nyaya mbili tu nyuma yake. Kijiti hakifungwi na kitu. Kiko pale kwa sababu priza iliuzwa nacho.

Taa zinawaka, televizyo inacheza, frigo inafanya baridi, basi hakuna anayeona kama kuna kitu kinakosekana. Alama zinakuja kidogo kidogo. Mama anagusa mlango wa frigo akiwa miguu chini na umeme unamkamata. Ordinatere yenye sanduku ya chuma inachoma vidole kama sindano. Bafuli za kanisa zinanguruma hata kama hakuna mtu anayeimba. Mvua ya radi inapita, na kesho yake dekoda, modemu na televizyo vimekufa pamoja.

Mambo hayo manne yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yanakutana fasi moja: umeme wenye kupotea haukupewa njia ya kushuka mu udongo. Masi ndiyo njia hiyo. Na sawa njia yoyote, ikijengwa nusu inaweza kumpeleka mtu mu shimo. Masi mbaya inampa mwenye nyumba imani ya uongo, na wakati mwingine inaleta hatari yenye haikukuwa.

Eneo lenye radi kuliko karibu dunia yote

Kwa wakaaji wa mashariki ya Kongo, habari hii si ya mafundi peke yao. Mu mwaka wa 2016, watafiti wa Brazili na Marekani walitoa orodha ya fasi zenye kupata radi nyingi zaidi duniani. Walitumia hesabu zilizokusanywa na satelaiti kwa miaka 16, tangu 1998 mpaka 2013. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Ya pili ni Kabare, mu Sud-Kivu, na mimweko 205 hivi kwa kila kilometre ya mraba kila mwaka. Ya tatu ni Kampene, mu Maniema. Ya tano ni Sake, karibu na Goma. Butembo ni ya tisa, na ya kumi ni Boende, mu Tshuapa.

Ndiyo kusema, kati ya fasi kumi za kwanza duniani, tano ziko Kongo, na nne kati ya hizo ziko mashariki. Si kila mmweko unaofika chini: nyingi zinapita toka wingu moja mpaka lingine. Lakini radi haihitaji kupiga nyumba yenyewe ili kuharibu vyombo. Ikianguka mita mia chache kutoka kwenye nyaya za umeme ao za antena, inasukuma volti elfu nyingi mu nyaya hizo, na volti hizo zinaingia mu nyumba kwa njia ya kawaida, kupitia kontere na priza.

Mu vijiji vingi, radi ikiua mtu ao kuchoma nyumba, watu wanatafuta nani aliituma, na wazee wenye hawana kosa wanashitakiwa. Orodha ile ya satelaiti inaonyesha jambo lingine: milima mirefu, joto na hewa yenye unyevu wa maziwa vinatengeneza mawingu ya radi karibu mwaka wote. Radi inatafuta kitu kirefu, kama mti wa peke yake, antena, ao nyumba ya juu ya kilima, na kutoka hapo inatafuta njia ya kushuka.

Masi inafanya kazi gani?

Umeme wa nyumba unatembea kwa nyaya mbili. Faze inauleta, netre inaurudisha. Netre yenyewe imefungwa ku udongo kule kwenye kabini ya transfo. Kwa sababu hiyo udongo wote wa muji ni kama upande mmoja wa mzunguko: mtu mwenye kusimama chini na kugusa faze anafunga mzunguko kwa mwili wake.

Sasa tuseme waya wa faze ndani ya frigo umechubuka na kugusa chuma cha nje. Bila masi, frigo inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hakuna kinachokatika. Chuma kinangoja na volti 220, na wa kwanza kukigusa akiwa miguu chini ndiye anakuwa masi.

Kama chuma hicho kimefungwa na waya wa masi, wenye rangi ya kijani na njano, mpaka ku piketi iliyopigwa mu udongo, umeme una njia nyingine. Hapo watu wengi wanafikiri kazi imekwisha: "Nimeweka piketi, nyumba imelindwa." Hesabu inaonyesha vile haitoshi. Tuseme masi ya nyumba iko na ukinzani wa om 100, na ile ya kabini om 10. Volti 220 zikigawanywa kwa om 110 zinatoa ampere 2. Dijonktere ya kawaida ya ampere 16 haiwezi kusikia ampere 2, sababu ni sawa na pasi ndogo imewashwa. Haikati. Na chuma cha frigo kinabaki na volti karibu 200.

Kitu kinachokosekana hapo kinaitwa dijonktere ya diferansieli. Yenyewe haipimi kama umeme ni mwingi. Inalinganisha umeme wenye kwenda kwa faze na ule wenye kurudi kwa netre. Vikikosa kulingana, ndiyo kusema kuna umeme unatoroka kwa njia nyingine: udongo, ukuta wenye maji, ao mwili wa mtu. Ile ya miliampere 30 inakata kwa muda wa chini ya sekunde moja, mbele moyo haujapoteza mwendo wake. Mbele ya ampere 2 za frigo yetu, yaani miliampere 2.000, inakata mara moja.

Basi masi na diferansieli ni kama mlinzi na filimbi yake. Diferansieli bila masi inakata, lakini inangoja mpaka mtu aguse. Masi bila diferansieli inaonyesha umeme njia, lakini haukatwi. Vikiwa pamoja, umeme unakatika ile dakika waya inachubuka, wakati nyumba nzima imelala na hakuna mtu amegusa kitu.

Kosa lenye kuua: kufunga masi ku netre

Kwa sababu kupiga piketi kunaomba makuta na jasho, fundi mwingine anachukua njia ya mkato. Nyuma ya priza, anaweka kipande kidogo cha waya kutoka ku netre mpaka ku kijiti cha masi. Akipima, kila kitu kinaonekana sawa. Ordinatere haichomi tena vidole. Mwenye nyumba anafurahi.

Lakini netre ni waya kama waya zingine. Kwenye rezo yenye viungo vya kufunga kwa mkono, yenye nguzo za miti na nyaya zilizounganishwa mara kumi, netre inaweza kukatika ao kulegea. Siku hiyo, umeme wa faze unapita mu taa ao mu frigo, unatafuta netre ya kurudi, hauipati, unapanda kwenye kile kipande kidogo cha waya, na vyuma vyote vya nyumba vinashika volti 220 kwa mara moja: frigo, mashine ya kufua, sanduku ya ordinatere, ampli. Hata nyaya mbili za faze na netre zikigeuzwa ku kontere wakati wa matengenezo, matokeo ni yale yale, na hapo hakuna hata kitu kimeharibika ndani ya nyumba.

Diferansieli pia inadanganywa na njia hiyo. Umeme wenye kutoroka kwa chuma unarudi kwa netre ile ile, basi hesabu ya kwenda na kurudi inabaki sawa, na haikati. Kwa hiyo priza yenye kipande hicho ni mbaya kuliko priza isiyo na masi kabisa. Mwenye nyumba anaweza kuomba fundi afungue priza moja ao mbili mbele yake. Akiona waya mfupi unatoka tundu moja kwenda ku kijiti, uondolewe siku hiyo hiyo.

Kuna kosa lingine: kufunga masi ku tuyo ya maji. Zamani tuyo zilikuwa za chuma mpaka mbali mu udongo. Siku hizi sehemu nyingi ni za plastiki. Waya ukifungwa ku robine ya chuma yenye nyuma yake kuko plastiki, haushuki fasi yoyote. Unafanya robine kuwa na umeme tu.

Udongo wa Bukavu na mawe ya Goma

Piketi moja haina nguvu sawa kila fasi. Udongo wenye kubana maji unapitisha umeme vizuri. Jiwe kavu linakataa. Mafundi wanapima tabia hiyo kwa om-metre. Udongo mwekundu wa mfinyanzi, kama ule wa vilima vya Bukavu ao vya Butembo, ukiwa na unyevu unaweza kuwa na om-metre 50 hivi. Jiwe la volkano linaweza kufika 3.000 na kupita.

Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kwa piketi yenye kusimama, gawanya namba ya udongo kwa urefu wa piketi. Piketi ya metre mbili mu udongo wa 50 inatoa karibu om 25, ni nzuri. Piketi ile ile mu mawe ya 3.000 inatoa om 1.500, ni karibu sawa na bure.

Hapo ndipo kuna taabu ya Goma. Sehemu kubwa ya muji imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Moto wa Januari 2002 ulipita katikati ya muji, na watu wakajenga tena juu ya mawe yale yale. Ule wa Mei 2021 ulifika kwenye mitaa ya kaskazini. Mu parseli nyingi, piketi inashuka sentimetre 30, inagonga jiwe, na fundi anaikata kwa si ili isionekane kama haikuingia. Nje inaonekana piketi nzuri. Chini kuko kipande kifupi kama mkono.

Kuna njia za kupita kizuizi hicho, na zote zinaomba kulaza masi kuliko kuisimamisha.

Ya kwanza ni mtaro. Mu mtaro wa kina cha sentimetre 50 ao zaidi, wanalaza waya mtupu wa shaba wa 25 mm² kwa metre nyingi, kisha wanaujaza na udongo mweusi ao mfinyanzi ulioletwa kutoka fasi ingine, na kuupiga-piga vizuri. Waya ukizungushwa kando ya nyumba yote, unafanya kazi kuliko piketi nyingi. Mu udongo wa om-metre 100, mzunguko wa metre 40 unatoa karibu om 5, wakati piketi moja ya metre mbili inatoa 50.

Ya pili ni fondasio. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi Mmarekani Herbert Ufer alipewa kazi ya kulinda maghala ya mabomu kule Arizona, fasi yenye udongo mkavu sana. Aliona kwamba fero zilizo ndani ya beto ya fondasio zinashuka vizuri kuliko piketi, kwa sababu beto iliyo chini ya udongo inabana unyevu na kugusa ardhi fasi kubwa. Mwenye kuanza kujenga Goma ao Sake ana bahati hiyo: mbele ya kumwaga beto, fero za chini ziunganishwe vizuri kati yao, na kipande kimoja kiachwe kinatokea nje kwa ajili ya masi. Gharama yake ni ndogo sana ile siku. Nyumba ikishakwisha, ni kubwa.

Ya tatu ni chumvi na makala, dawa ya zamani yenye mafundi wanapenda. Makala yaliyosagwa yanasaidia kubana unyevu. Chumvi nayo inashusha namba kwa haraka, lakini mvua inaiosha, na kabla ya kuondoka inakula chuma. Kisha misimu michache piketi imeoza ndani na hakuna mtu anajua. Mfinyanzi mzuri ni bora kuliko chumvi.

Na hapa kuna habari njema kwa watu wa Goma. Kwa kulinda mwili wa mtu, sheria ya mafundi ni kwamba chuma kisipite volti 50 mbele ya kukatika. Volti 50 zikigawanywa kwa miliampere 30 za diferansieli zinatoa om 1.666. Maana yake, hata masi duni ya mawe, ikiwa na diferansieli ya miliampere 30 yenye kufanya kazi, inaweza kuokoa maisha. Fundi mzuri atatafuta kushuka chini ya om 100, juu udongo unakauka wakati wa jua na namba inapanda. Lakini mtu asikatae kununua diferansieli kwa sababu eti "Goma haina masi". Ni huko ndiko inahitajika zaidi.

Kelele zinatoka wapi?

Vyombo vya siku hizi, kama ordinatere, televizyo na chaja kubwa, viko na kichujio kwenye mlango wa umeme. Kichujio hicho kinachukua kelele za umeme na kuzitupa kwa masi. Kama kijiti cha masi hakifungwi, kelele hazina fasi ya kwenda. Zinabaki ku sanduku ya chuma, na sanduku hiyo inaelea kwenye nusu ya volti za rezo, karibu volti 110. Umeme wenyewe ni mdogo, chini ya miliampere moja kwa kawaida, kwa hiyo unachoma tu vidole bila kuua. Lakini kwa mikro na konsoli ni mwingi sana. Unapita kwa waya wa sauti, na wasikilizaji wanasikia mngurumo mzito: ni umeme wa rezo wenyewe, wenye kuyumba mara 50 kwa sekunde.

Kufunga masi kunamaliza kelele ya namna hiyo. Wakati mwingine, lakini, masi inawekwa na kelele inazidi. Mfano wa kawaida ni studio ndogo ambamo ordinatere imechomekwa ku priza ya chumba kimoja, emetere ku priza ya chumba kingine, na waya wa sauti unaviunganisha. Kila chombo kina njia yake ya kwenda ku masi, na waya wa sauti unafunga mzunguko kati ya njia hizo mbili. Mzunguko huo unafanya kama antena: unakamata umeme wa nyaya za jirani na kuuimba mu bafuli.

Dawa yake ni kuchomeka vyombo vyote vyenye kuunganishwa kwa sauti ku priza moja yenye matundu mengi, ili masi zao zikutane fasi moja tu. Kama umbali haukubali, wanatumia nyaya za mikro zenye fishi ya vijiti vitatu. Ndani yake sauti inapita kwa nyaya mbili kinyume, na kelele yenye kuingia sawa kwa zote mbili inafutwa ikifika ku konsoli. Ao wanaweka transfo ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya sauti.

Kuna dawa moja yenye inatumiwa sana mu makanisa na ku salle za sherehe, na inapaswa kuachwa: kukata kijiti cha masi ku fishi ya ampli ili mngurumo uishe. Mngurumo unaisha kweli. Lakini mpiga gitaa sasa ameshika kamba za chuma zenye kuunganishwa na ampli isiyo na masi, na midomo yake inagusa mikro yenye kutoka ku konsoli yenye masi. Siku ampli itachubuka ndani, umeme utapita toka mikononi mpaka mdomoni, ukipitia kifua. Kelele inatafutwa ku nyaya za sauti. Waya wa kijani na njano haukatwi hata siku moja.

Kwa redio ndogo ya nyumbani, jibu ni tofauti. Ampuli za LED za bei ya chini, chaja za simu na regilatere za pano ya jua zinatupa kelele hewani, zaidi sana kwa mawimbi mafupi na ya kati. FM inasumbuliwa kidogo. Chaja yenye vijiti viwili haina njia ya masi, basi piketi haitaisaidia. Hapo ni kusogeza redio mbali, kusokota pamoja nyaya mbili za pano, na kuzima kimoja kimoja mpaka mwenye kosa ajulikane.

Siku radi inapiga antena

Kituo cha redio kiko na kitu kirefu kuliko nyumba zote za jirani: mlingoti wake. Vituo vingi vinauwekea piketi yake chini, na ni vizuri. Kisha umeme wa studio unapewa masi ingine, upande wa pili wa parseli, ili "radi isiingie mu studio". Wazo hilo linaonekana la akili, lakini ndilo lenye kuchoma emetere.

Radi ya kawaida inaleta ampere 30.000 hivi. Tuseme masi ya mlingoti ni nzuri, om 10. Ampere 30.000 mara om 10 ni volti 300.000. Kwa muda mfupi sana, mlingoti wote unapanda mpaka volti hizo. Masi ya studio, kule ingine, inabaki karibu sifuri. Kati ya mbili hizo kuko kitu kimoja tu chenye kuziunganisha: kabule ya antena, emetere, na waya wa umeme. Volti zote 300.000 zinapita humo.

Kama masi hizo mbili zimeunganishwa chini kwa waya mnene wa shaba, kila kitu kinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ndege anakaa ku waya wa volti nyingi bila kufa kwa sababu miguu yake yote iko fasi moja. Ndivyo vilevile kwa vyombo. Kinachoua emetere ni tofauti kati ya pande mbili, kuliko urefu wa volti wenyewe. Kwa hiyo sheria ni: piketi zinaweza kuwa nyingi, lakini masi ni moja, na zote zinafungwa pamoja. Chuma cha nje cha kabule ya antena kinafungwa humo pia, pale inapoingia mu nyumba, mbele haijafika ku emetere.

Pale pale ndipo parafudre inafanya kazi. Ni chombo kidogo chenye kukaa kimya mpaka volti zipande sana, kisha kinafungua njia ya kuzishusha ku masi. Bila masi haina fasi ya kuzishusha, ni sanduku tu ku ukuta. Na waya zake lazima ziwe fupi: mbele ya radi, kila metre moja ya waya inaweza kuongeza volti elfu moja hivi zenye kubaki kwa vyombo. Mafundi wanatafuta waya zote za parafudre zisipite sentimetre 50, zikiwa zimenyooka, bila kuzungushwa ili zipendeze.

Hata hivyo, hakuna masi yenye kuahidi kuokoa televizyo mbele ya radi yenye kupiga nyumba moja kwa moja. Nyumbani, dawa ya bei ya chini ni kuchomoa, na mbele ya mvua kufika, si wakati inanguruma juu ya nyumba. Kuchomoa umeme peke yake ni nusu ya kazi: waya wa antena ao wa parabole unachomolewa pia, na kusogezwa mbali na chombo.

Grupu na pano ya jua

Wakati wa delestaji, wengi wanawasha grupu ao wanategemea pano. Grupu ndogo mara nyingi inatoka dukani bila waya wake wowote kufungwa ku udongo. Ikilisha nyumba yote kupitia diferansieli, diferansieli hiyo inaweza kukosa kufanya kazi, kwa sababu umeme wenye kutoroka hauna njia ya kurudi ku grupu. Fundi anapaswa kufunga netre ya grupu na chuma chake ku masi ya nyumba, na kuweka kibadilishi chenye kuzuia grupu na rezo kukutana. Kibadilishi hicho kinalinda pia wafanyakazi wenye kupanda ku nguzo wakifikiri waya haina umeme.

Kwa pano, chuma cha kando na miguu yake vinafungwa kati yao kwa waya wa kijani na njano usio chini ya 6 mm², mpaka ku masi ile ile moja. Onduleri iko na skuru ya masi chini yake. Mara nyingi skuru hiyo bado inang'aa, sababu haikuguswa tangu ilipotoka ku karton.

Mwenye makuta kidogo aanze wapi?

Kazi yote haiwezi kufanywa siku moja mu kila nyumba, lakini mpangilio uko. Kwanza, kuondoa vipande vya waya kati ya netre na kijiti. Hiyo ni bure na inaokoa maisha. Pili, diferansieli ya miliampere 30 kisha kontere, na kufinya kidude chake cha kujaribu kila mwezi, kisipokata, ibadilishwe. Tatu, masi ya kweli mu udongo ao mu mtaro, na waya wa kijani na njano mpaka ku frigo, jikoni, ku mashine na ku ordinatere. Nne, kuunganisha masi zote kuwa moja. Parafudre inakuja mwisho, kwa sababu bila hayo ya mbele haina kazi.

Na mbele ya kulipa fundi, kuna ulizo moja la kumuuliza: "Masi hii iko na om ngapi?" Kizibo chenye kuwaka taa ndani yake hakijibu ulizo hilo, na kuwasha ampuli kati ya faze na piketi kunaweza kupandisha umeme ku vyuma vya nyumba wakati mtoto anavigusa. Chombo cha kupima kinaitwa telurometre. Kinatumia vijiti viwili vya kusaidia vyenye kupigwa mu udongo mbali na piketi. Fundi mwenye kutaja namba na kuonyesha vile ameipima, kazi yake inaweza kulipwa. Mwenye kusema "usiogope, nimeweka masi" bila namba, bado hajamaliza kazi.